Muuguzi, Wito Wake na Mahali pa Kazi Yake: Tafakari Kutoka Babati

Mchungaji anayehudumu katika mji wa Babati, au katika mji mwingine wowote wenye hospitali, hakai muda mrefu kabla ya kuletewa malalamiko juu ya wauguzi. Mama atasema alijibiwa kwa ukali alipouliza hali ya mwanawe. Mzee atasema alikaa tangu alfajiri hadi adhuhuri bila kubadilishiwa kidonda. Mwingine atasema kwamba muuguzi alimpita mara tatu bila hata kumtazama. Kwa malalamiko haya wengi wetu tuna jibu moja lililo tayari: wauguzi wa siku hizi wamepoteza wito. Na mchungaji huyo akialikwa kuhubiri katika Siku ya Wauguzi Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 12 Mei, atafungua Luka sura ya 10, atamsifu Msamaria, na kuwasihi wauguzi wafanye vivyo hivyo.

Makala haya hayakusudii kukanusha wito. Yanakusudia kuuliza swali ambalo huulizwa kwa nadra katika vyuo vyetu: ni mambo gani hasa yanayomfanya muuguzi yule yule atende kazi vema leo na vibaya kesho? Jibu letu litahusu mambo ya muuguzi mwenyewe, yaani elimu yake, afya yake, jamaa yake na imani yake. Nayo mambo ya mahali anapofanyia kazi. Tutaona kwamba aina hizi mbili haziwezi kutenganishwa kwa urahisi, na kwamba kanisa limezoea kusema sana juu ya ile ya kwanza na kunyamaza juu ya ile ya pili, hata pale ambapo hospitali ni mali ya kanisa lenyewe.

Muuguzi mgeni katika mji wa njia panda

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mji umekaa kando ya ziwa lenye viboko, chini ya mlima Kwaraa, katika barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, mahali inapochepuka njia ya Singida. Hapo mjini ipo hospitali ya rufaa ya mkoa na ipo hospitali ya mji iliyoko Mrara. Katika wilaya ipo hospitali ya Dareda ya Kanisa Katoliki. Na upande wa Mbulu, mbali kidogo, ipo Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa kazi ya wamisionari wa Norwei, ambayo leo ni ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT. Tutairudia Haydom, maana huko yamechunguzwa mambo yanayolihusu sana somo letu.

Wagonjwa wafikao Babati ni Wairaqw, Wagorowa, Wadatoga, Warangi, Wambugwe na wageni wengi waliofuata kilimo na biashara. Kwa hiyo katika wodi moja zaweza kusikika lugha za Kikushi, za Kiniloti na za Kibantu kwa wakati mmoja. Muuguzi, kwa upande wake, huenda amezaliwa Kagera au Ruvuma, akasomea uuguzi Dodoma, akapangiwa Manyara kwa barua ya serikali. Kiswahili humsaidia kwa vijana na watu wa mjini. Lakini bibi wa Kidatoga aliyeletwa na wajukuu wake kutoka malishoni aweza kuwa hana Kiswahili cha kutosha kueleza maumivu yalipo. Muuguzi atauliza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba bibi ni kiziwi, na mara ya tatu atamwita mfagizi au jamaa wa mgonjwa wa kitanda cha jirani aje kutafsiri. Wanaosikia sauti ile mlangoni husema: tazameni, anamfokea mgonjwa. Hapo hakuna kosa la moyo. Kuna kosa la mpango, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kwamba hospitali ya mahali kama hapa yahitaji mkalimani kama inavyohitaji mtunza dawa.

Ugeni huo una upande wake wa nyumbani. Sehemu kubwa ya wauguzi wetu ni wanawake, na muuguzi aliyeolewa aweza kuwa kituo kimoja na mumewe akawa kituo kingine, kila mmoja kwa barua yake. Watoto wako kwa bibi yao, au wako naye mwenyewe chini ya ulinzi wa msichana wa kazi ambaye huenda akaondoka siku yoyote bila kuaga. Muuguzi wa namna hii huingia zamu ya usiku akiwa amekwisha kufanya kazi ya mchana mzima nyumbani, na atokapo asubuhi halali, bali hupika. Tukitazama tu ile saa aliyosinzia mezani, tutasema ni mvivu.

Umri na miaka ya kazi navyo vina uzito wake, ila si kwa njia moja. Aliyekaa kazini miaka 20 anajua kwa macho tu mgonjwa anayeelekea kuzidiwa. Pia amejua njia za mkato zote. Kijana aliyetoka chuoni juzi anayo maarifa mapya na mikono inayotetemeka. Sioni faida ya kulikuza jambo hili zaidi ya hapo.

Afya ya muuguzi mwenyewe husahaulika kuliko yote. Yeye huchomwa na sindano iliyokwisha kumchoma mgonjwa, hupumua hewa ya wodi ya kifua kikuu, huinua wagonjwa wazito hadi mgongo unaharibika. Tena kuna majonzi. Mkunga aliyepokea mtoto mfu saa tisa usiku hutakiwa kumpokea mtoto mwingine saa kumi kamili kwa uso wa furaha. Nani humfariji katikati ya saa hizo mbili? Kwa kawaida hakuna. Mchungaji huja mchana, naye huja kwa ajili ya mama aliyefiwa.

Upungufu hufanya nini ndani ya mtu

Kwamba wauguzi ni wachache si habari mpya. Ripoti ya Afya Duniani ya mwaka 2006 iliweka Tanzania miongoni mwa nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, kwa kipimo cha takriban waganga, wauguzi na wakunga 2.3 kwa kila watu 1,000. Miaka ya 1990 serikali, ikiwa katika marekebisho ya uchumi, ilikuwa imepunguza watumishi na kubana ajira mpya, na pengo lile lilichukua miaka mingi kuanza kuzibwa. Lakini maneno kama "upungufu" na "uhaba" yamekuwa mepesi midomoni mwetu kwa kutumika mno. Afadhali tueleze upungufu hufanya nini.

Tuchukue mfano wa muuguzi aliye peke yake usiku katika wodi ya vitanda 40, ambayo ina wagonjwa zaidi ya vitanda vyake. Kanuni inamtaka apime joto na presha ya kila mgonjwa kwa saa zilizopangwa, atoe dawa kwa wakati, abadilishe dripu, ageuze wale wasioweza kujigeuza, aandike yote katika kadi, awasikilize jamaa, na kuwa tayari kwa atakayezidiwa ghafla. Mtu mmoja hawezi. Kwa hiyo kila usiku, kabla hajagusa mgonjwa yeyote, analazimika kuamua ni kanuni gani ataivunja. Uamuzi huu haufundishwi chuoni wala hauandikwi katika daftari la ripoti. Katika miezi ya kwanza unamtesa, kwa sababu anajua alichoacha. Baadaye huacha kumtesa. Presha huanza kuandikwa bila kupimwa, kwa kuangalia ile ya jana. Mgonjwa asiyelalamika hupitwa, anayelalamika hukemewa, na usiku unaisha.

Tazama jinsi mambo ya mahali pa kazi yalivyogeuka polepole kuwa tabia ya mtu. Atakayemkuta muuguzi huyu baada ya miaka kumi atasema hana moyo, naye atakuwa hasemi uongo. Ila atakuwa anasoma ukurasa wa mwisho wa kitabu kirefu.

Bibi Isabel Menzies, mchunguzi wa Uingereza, alilieleza jambo la jinsi hii katika makala aliyoitoa mwaka 1960, baada ya kuchunguza hospitali kubwa moja ya London. Aliona kwamba kazi ya uuguzi imejaa hofu na huzuni, kwa kuwa humkutanisha mtu na maiti, uchafu, maumivu na lawama kila siku. Hospitali, bila kukusudia, ilikuwa imejenga desturi za kumkinga muuguzi na hofu hiyo: kazi iligawanywa vipande vipande, ili asiwe na mgonjwa mmoja wa kumjua kwa jina, mgonjwa aliitwa kwa namba ya kitanda au kwa ugonjwa wake, kila jambo dogo lilipelekwa kwa mkubwa. Ajabu ni kwamba kinga hizo hazikuondoa hofu. Ziliondoa ile furaha ya kumwona mtu fulani akipona kwa mkono wako, na takriban theluthi moja ya wanafunzi wa uuguzi wa hospitali ile waliacha mafunzo, miongoni mwao wakiwamo wale walio bora. Mtu akipita leo katika wodi zetu na kusikia "yule wa malaria kitanda cha saba", ajue kwamba anasikia kinga ya aina ile ile.

Nisieleweke vibaya. Kumpiga kofi mwanamke aliye katika uchungu wa kuzaa, au kumtukana, ni kosa, wala hakuna wingi wa zamu unaoweza kulihalalisha. Nchi yetu inayo Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na lipo Baraza lenye mamlaka ya kumwondoa katika daftari la wauguzi asiyestahili. Kueleza chanzo cha jambo si kulitetea. Lakini mwenye kutaka jambo likome, na si kulilaani tu, lazima achimbe hadi kwenye chanzo.

Walichojifunza Haydom

Hapa yafaa kuirudia Haydom, maana yale yaliyoonekana huko ni msaada mkubwa kwa yeyote anayedhani kwamba muuguzi akishajua na kuaswa, basi atatenda.

Mwaka 2010 wakunga na watumishi wengine wa hospitali ile walipewa mafunzo ya siku moja juu ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Mafunzo yalikuwa mazuri, yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu. Kila mmoja alijizoeza kwa mdoli: kumkausha mtoto, kumsugua mgongo, kusafisha njia ya hewa, na akibaki kimya, kumpulizia hewa kwa kifuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza ya maisha yake. Walipopimwa tena miezi kadhaa baadaye kwa mdoli ule ule, waliofaulu kumhuisha "mtoto" walikuwa wamepanda kutoka chini ya mmoja kati ya watano hadi takriban watatu kati ya wanne. Kwa mtihani wa chuo chochote hayo ni mafanikio.

Lakini katika chumba chenyewe cha kuzalia walikuwapo waangalizi waliokuwa wakiandika yaliyotendeka kwa kila mtoto aliyezaliwa. Maandishi yao, yaliyotolewa mwaka 2013, yalionyesha kwamba huko mambo hayakusogea mbele. Watoto waliosafishwa njia ya hewa au kupuliziwa hawakuongezeka, na kule kusugua kwa kuamsha pumzi kulipungua. Watu wale wale, wenye maarifa waliyoyathibitisha kwa mikono yao, walipofika mbele ya mtoto halisi, katikati ya damu na haraka na kilio cha mama, walirudi katika desturi.

Ni rahisi kuwaza jinsi ambavyo baraza la wazee la mahali fulani lingepokea habari hiyo. Wangesema: tuliwafundisha, hawataki. Haydom hawakusema hivyo. Tangu mwaka 2011 waliuleta mdoli karibu na mahali pa kazi. Kila juma watumishi walifanya zoezi fupi la dakika tatu hadi tano, na kila mwezi wakafanya marudio ya kama dakika 40. Hakuna aliyesafirishwa kwenda semina, wala hakukuwa na posho ya kujikimu, wala cheti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba watoto waliosuguliwa na kusafishwa njia ya hewa waliongezeka, wale waliohitaji kupuliziwa wakapungua, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Wakunga hawakubadilishwa. Mishahara yao, kadiri tujuavyo, haikuwa sehemu ya zoezi lile. Wala mahubiri juu ya wito hayakuongezwa. Kilichobadilika ni jinsi siku ya kazi ilivyopangwa. Kati ya watoto 1,000, karibu wanne zaidi waliiona siku ya pili.

Kazi iliyoanzia hapo imeendelea. Mpango mpana zaidi wa aina hiyo ulitekelezwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ukiwa mmojawapo, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2025. Yalikuwa ya kutia moyo, hasa kuhusu vifo vya akina mama. Kuhusu vifo vya watoto, hata hivyo, mikoa miwili ilionyesha upungufu mkubwa, na mitatu haikuonyesha badiliko. Mafunzo yalikuwa yale yale na vifaa vile vile. Mimi naona hili ni fundisho la pili, lenye kuidhibiti shauku ya lile la kwanza: hata dawa iliyofaa mahali pamoja haina budi kukutana na mahali pengine jinsi palivyo, pamoja na uongozi wake, idadi ya watu wake, na mambo mengine ambayo mgeni hayaoni.

Kuonwa

Kuna uchunguzi mwingine wa karibu nasi unaostahili kutajwa, ingawa ulihusu waganga na si wauguzi. Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, waliofanya kazi katika Mkoa wa Arusha, waliketi na waganga wakati wakiwapokea wagonjwa, kisha wakawauliza wagonjwa nje ni nini walichofanyiwa, wakiwemo wale waliotibiwa kabla ya wachunguzi kuingia. Walieleza mwaka 2006 kwamba mara mchunguzi alipoingia chumbani ubora wa kazi ulipanda: mganga aliuliza maswali zaidi, alimpima mgonjwa kwa uangalifu zaidi. Baada ya wagonjwa 10 hadi 15, ubora ulirudi chini pale ulipokuwa.

Jambo hili laweza kusomwa kwa namna mbili. Mkaguzi atasema: kumbe wanaweza, ila wanahitaji kusimamiwa. Nami nasema: kumbe wanaweza, ila hakuna anayewaona. Tofauti ya usomaji huu si ndogo. Usimamizi mwingi katika hospitali zetu ni wa kutafuta kosa. Muuguzi akifanya vema siku 300, hakuna barua. Akikosea siku moja, barua ya kujieleza inamkuta kabla zamu haijaisha. Serikali ilianzisha mwaka 2004 mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, uliojulikana kwa kifupi cha OPRAS, ambao ulikusudiwa kuleta mazungumzo kati ya mtumishi na msimamizi wake. Shabaha ilikuwa njema. Lakini mahali pengi fomu zilijazwa kwa sababu zilitakiwa kujazwa, zikarudishwa kabatini, na mazungumzo hayakufanyika. Mfumo ule baadaye ukaondolewa na kuwekwa mwingine wa kompyuta. Iwapo kompyuta itazungumza na muuguzi kuliko ilivyozungumza fomu, tutaona.

Nyumba mama na pensheni

Nimeweka suala la fedha hapa kwa makusudi. Katika mikutano yetu huwa linatajwa kwanza na wauguzi na mwisho na wachungaji.

Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika wilaya moja ya vijijini nchini Tanzania, kati ya watumishi wa afya wa serikali na wa hospitali kubwa moja ya kanisa. Watumishi hao walikiri kwamba hospitali za kanisa kwa kawaida zina vifaa bora na hutoa huduma bora kwa mgonjwa. Hata hivyo wengi walipendelea kuajiriwa na serikali. Sababu iliyotajwa kwa nguvu zaidi ilikuwa mafao ya uzeeni. Muuguzi wa kanisa alijua kwamba atastaafu na fedha kidogo kuliko mwenzake aliyesoma naye darasa moja. Tangu wakati huo sheria za mifuko zimebadilika, na mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mmoja, huku wa sekta binafsi wakibaki na NSSF. Kwa hiyo hesabu za leo si zile za mwaka 2012. Lakini hofu iliyosemwa wakati ule tunaifahamu wote.

Wengine walisikitika waliposikia habari hizo, wakasema kwamba watumishi wa kanisa wameweka pensheni mbele ya wito. Kwa Mlutheri masikitiko hayo yana kasoro ya kihistoria. Uuguzi wa kidiakonia, ambao sisi huutolea mfano tukitaka kuwaaibisha wauguzi wa leo, ulianza upya mwaka 1836 huko Kaiserswerth, Ujerumani, kwa kazi ya mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike. Florence Nightingale mwenyewe alikwenda kujifunza huko mwaka 1851. Mashemasi wale wa kike hawakupokea mshahara, ila fedha kidogo ya matumizi. Hilo huhubiriwa sana. Lisilohubiriwa ni kwamba walikuwa na nyumba mama. Nyumba mama iliwalisha, ikawavika, ikawauguza walipougua, ikawatunza walipozeeka, ikawazika. Shemasi hakuhitaji kuwaza uzee wake kwa sababu mwingine alikwisha kuuwaza kwa niaba yake, tena kwa maandishi. Sisi tumerithi wito wa Kaiserswerth, na nyumba mama hatukuirithi. Muuguzi wa leo anapouliza habari za mafao, anaulizia ile nyumba.

Tena Luther mwenyewe, alipomwandikia mchungaji Johann Hess wa Breslau mwaka 1527 juu ya swali la kukimbia tauni, hakuuacha utunzaji wa wagonjwa utegemee moyo mwema wa mtu mmoja mmoja. Aliwataka wenye dhamana wabaki na jirani asiachwe, lakini alisema pia kwamba ingekuwa vema kama utawala wa miji ungekuwa na nyumba za wagonjwa zenye watu wa kuwatunza. Pale pasipo na nyumba hizo ndipo kila mtu anapaswa kuwa hospitali ya mwenzake. Yaani upendo wa jirani kwake haukuwa badala ya mpango mzuri. Mpango mzuri ulikuwa namna mojawapo ya upendo.

Linalomhusu mchungaji

KKKT inazo hospitali zaidi ya 20, na wachungaji hukaa katika bodi zake. Huko bodini taarifa ya fedha huchukua asubuhi nzima, majengo huchukua mchana, na habari za watumishi huletwa jioni, zikiwa ni orodha ya walioajiriwa, walioacha na walioonywa. Mjumbe mchungaji anaweza kuomba karatasi moja tu zaidi: ratiba ya zamu ya mwezi uliopita. Humo ataona ni usiku mara ngapi wodi ya watoto ilikuwa na muuguzi mmoja, nani alifanya zamu mbili mfululizo, na ni likizo za nani zilizoahirishwa. Akiisoma pamoja na Kutoka sura ya 18, ambapo Yethro anamtazama mkwewe akihukumu watu tangu asubuhi hata jioni na kumwonya kwamba atachoka yeye na watu pia, atakuwa na la kusema hata kama hajui dawa hata moja. Yethro hakumlaumu Musa kwa kukosa moyo. Alimpa mgawanyo wa kazi.

Kwa mahubiri ya Siku ya Wauguzi, napendekeza Msamaria apumzishwe mwaka mmoja, na mahali pake tusome 1 Wafalme sura ya 19. Eliya amechoka hata kuomba kufa. Malaika hamkemei wala hamkumbushi wito wake. Anamwacha alale, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, anamlisha mara ya pili. Swali la kazi yake linakuja baadaye, Horebu, baada ya siku 40. Wauguzi waliotoka zamu ya usiku na kuja moja kwa moja ibadani watalielewa andiko hilo upesi kuliko mhubiri.

Liko neno pia kwa wanafunzi wa theolojia wanaotumwa hospitalini kwa mafunzo ya vitendo. Kwa desturi huenda saa za kutazama wagonjwa, jamaa wanapojaa wodini na uji na chai. Ni saa mbaya ya kumjua muuguzi, maana ndipo anapohangaika na umati. Anayetaka kumjua na aombe ruhusa kwa muuguzi mfawidhi aje saa ya kukabidhiana zamu, asubuhi au jioni, akae kimya nyuma ya meza. Atasikia kila mgonjwa akitajwa: aliyelala, aliyekataa kula, aliyefariki saa nane na robo. Kisha na arudi usiku mmoja, baada ya taa za ukumbi kupunguzwa, bila biblia ya kuhubiria, akiwa na chupa ya chai na vikombe viwili.